Visu Vilivyorudi kutoka Kikopey

Sikuzaliwa mwepesi wa kuamini watu, na reli ikanimaliza kabisa. Miaka kumi na minne nilikagua breki za mabehewa hapa Nakuru, na katika miaka hiyo kila aliyeniambia "iko sawa, mzee" alikuwa na sababu yake ya kuniambia hivyo. Kwa hiyo Bwana Pelham aliponichukua kwenye karakana yake nyuma ya stesheni, hakunipa kazi ya kutengeneza kitu. Alinipa meza kando ya dirisha na msumari. Kisu kikiwa kizuri nilikikwaruza herufi O ndani ya mpini, yaani Obura. Kisichokuwa na O hakikutoka mlangoni, kiliishia kwenye sanduku la vilivyokataliwa.

Kisu chenyewe bado kilikuwa kipya mwanzoni mwa 1955. Kilikuwa kisu cha kukunja, cha kutia mfukoni, cha wachungaji wa mashamba makubwa kupunguzia kwato za kondoo. Ubapa na springi vilitoka Uingereza kwa meli. Mipini tuliichonga wenyewe kwa mti wa mutamaiyo, mzeituni wa porini. Ukikikunjua unasikia "ta", ubapa umesimama, na hapo hata ukiukandamiza kwa nguvu haurudi.

Aliyeunganisha mpini, springi na ubapa, akapigilia ribiti, vile vijipini vya kuvishikanisha, alikuwa Thuo wa Ndung'u. Watu walimshangaa Bwana kumwachia Mkikuyu kazi ya visu wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya kuwasaka wapiganaji wa msituni. Mimi pia nilimshangaa, tena kwa sauti. Lakini Thuo alikuwa na mkono mzuri kuliko sisi wote, na kila mwisho wa mwezi Bwana alitia sahihi kwenye kitabu chake cha pasi kwamba bado ni mtu wake na hana neno. Mwezi mmoja tu bila sahihi hiyo, lori la askari lingempakia yeye, mkewe Wachuka na watoto wao wawili, liwapeleke kambini kuhojiwa. Wako waliopelekwa mwaka uliotangulia na mpaka siku hiyo hakuna aliyejua waliko.

Jumatatu moja ya mwishoni mwa Januari, jua likiwa limeanza kupasua ardhi, mchungaji mmoja aitwaye Kimaiyo alishuka kwenye gari la maziwa na mfuko wa gunia. Alitoka shamba moja la Kikopey, ambako tulikuwa tumepeleka visu ishirini na vinne kabla ya Krismasi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Akamwaga visu sita juu ya meza ya Bwana.

"Hii kisu ilinikunjia mkono," alisema. "Nashika kondoo, nasukuma hivi, inarudi yenyewe. Kidole imebaki nusu."

Bwana alikichukua kimoja akakikunjua. Hakikulia. Ubapa ulining'inia kama ulimi wa mbwa aliyechoka, na mpini wenyewe ulicheza mkononi. Akachungulia ndani, akaniita.

"Obura. Hii alama yako?"

"Ndiyo, Bwana."

"Yote sita alama yako. Sasa nani naharibu kisu?"

Nilijibu kabla sijafikiri, na hilo nalikiri. "Vilitoka mkononi mwangu vikiwa vizima, Bwana. Mtu amevigusa baada yangu."

Baada yangu aliyevigusa ni mmoja tu, yule aliyevipanga kwenye sanduku la kusafirishia, naye ni Thuo. Thuo alikuwa kwenye benchi lake, hatua nne kutoka pale, anapiga tupa. Hakuinua kichwa. Mimi nikaona kwamba mtu asiye na hatia angeinua.

Tangu saa ile sikumtoa machoni. Akienda kunywa maji, nilijua amekunywa vikombe vingapi. Akizungumza na mtu dirishani, nilimwuliza mtu yule baadaye wamesema nini. Nyumbani mke wangu, Akoth, aliniambia nimekuwa kama kachero, nikamwambia bora kachero kuliko mjinga. Nilikuwa na uhakika. Kulegeza ribiti ni kazi ya dakika moja kwa mtu mwenye koleo, na mtu anayewachukia wazungu angeweza kufurahia kuona visu vyao vinakata watu wao. Ndivyo nilivyojieleza. Wala sikujiuliza kwa nini angetaka kumkata kidole Kimaiyo, mtu wa mshahara kama yeye.

Jumanne nilimwona akienda mara tatu nyuma ya jiko la kuyeyushia gundi. Huko hakukuwa na kitu cha kumpeleka. Jumatano, wenzangu walipotoka kula, nilikwenda mimi. Juu ya ukingo wa matofali, karibu na moto, palikuwa na kifurushi cha gazeti. Nilikipapasa nikajua ni visu vitatu. Hiyo ilinitosha, hata sikukifungua. Nilikipeleka kwa Bwana mbiombio, na nakumbuka nilikuwa na furaha.

Bwana alimwita Thuo, akakifungua kifurushi mbele yetu wawili. Vilikuwa visu vya lile sanduku la vilivyokataliwa, visivyo na O. Kila kimoja kilifungwa uzi wenye kipande cha karatasi, na kwenye karatasi kulikuwa na neno kwa penseli. Viwili viliandikwa MAJI. Kimoja kiliandikwa KAVU.

Bwana alikunjua cha kwanza cha MAJI, kikaning'inia. Cha pili vilevile. Akakunjua kile cha KAVU, nacho kikalia "ta", japo mpini wake ulikuwa na mwanya kidogo ambao jicho langu lisingeukubali.

"Maji nini?" Bwana aliuliza.

Thuo hakumtazama Bwana. Alinitazama mimi.

Nilielewa yote kwa mara moja. Nani hajawahi kuona jembe likilegea kwenye mpini? Unafanya nini? Unalitumbukiza kwenye ndoo ya maji jioni, asubuhi mti umevimba, jembe limeshika. Mama yangu alifanya hivyo, na kwenye reli tulifanya hivyo kwa nyundo zetu zote. Kabla ya Krismasi, visu vya Kikopey vilipokuwa vinakuja mezani kwangu vikiwa na mianya midogomidogo, Thuo aliniambia mutamaiyo ule bado mbichi, ungojewe miezi miwili. Nilimwambia asinifundishe kazi. Nilipaka springi mafuta zisishike kutu, nikaviloweka kwenye ndoo usiku mzima, asubuhi vyote vikawa vimekaza. Nikakwaruza O zangu ishirini na nne nikaenda nyumbani. Lakini jembe hurudi kwenye udongo wenye unyevu kila siku, na likilegea unaliloweka tena. Kisu kile kilikwenda Kikopey kukaa kwenye mfuko wa mtu juani, mti ukakauka ukasinyaa kuliko mwanzo, na ribiti zikalegea.

Thuo alikuwa ameshuku ndoo yangu siku ileile Kimaiyo alipokuja. Nilipokuwa nampeleleza, naye alikuwa ananipeleleza. Tofauti ni kwamba yeye alipima kwanza: aliloweka visu viwili, akaacha kimoja bila kukiloweka, kisha akavikausha vyote kwenye jiko.

"Obura," Bwana alisema. "Maji nini?"

"Sijui, Bwana."

Sijui. Nilitamka neno hilo kwa kinywa changu mwenyewe, nikiwa na akili timamu.

Bwana akamgeukia Thuo. Thuo akasema polepole, macho yake bado kwangu, "Fundi mkubwa anajua." Basi. Nilifikiri baadaye kwa nini hakusema yote, na jibu si gumu. Angesema ni ndoo ya mzee, mzee angekataa, na katika mwaka ule neno la Mkikuyu dhidi ya neno la mkaguzi lisingefika hata mlangoni. Alikuwa ameniachia nafasi ya kusema mwenyewe.

Bwana alidhani maneno yale ni alama za watu wa msituni. Akakichukua kitabu cha pasi cha Thuo, akakitia kwenye mtoto wa meza bila kukitia sahihi, akafunga kwa ufunguo. Akamwambia aende nyumbani, na kwamba Jumamosi asubuhi askari watamfuata. Thuo alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi.

Alhamisi nilikuja kazini kama kawaida. Nilijiambia kwamba labda hata bila mimi wangemchukua. Nilijiambia nina watoto. Nilijiambia mtu aliyeficha visu si mtu wa kuonewa huruma sana. Nilikuwa na maneno mengi siku ile, na yote yalikuwa yangu na mimi peke yangu.

Ijumaa Bwana alinisifu mbele ya watu, akaniweka kwenye benchi la Thuo kuunganisha visu vipya. Nikachukua mpini wa kwanza, nikapigilia ribiti, nikaona mwanya. Mti ulikuwa mbichi, kama alivyosema. Na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaivuta ile ndoo.

Nilikaa nikiutazama mkono ule mle ndani ya maji. Kisha nikaenda ofisini kwa Bwana nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama.

Hakufurahi. "Wewe nasema uongo siku ya Jumatano," alisema. "Leo nasema kweli? Au leo ndiyo uongo? Huyu Mkikuyu nakupa nini?"

"Hajanipa kitu, Bwana. Njoo uone."

Nilichukua kisu kimoja nilichokiloweka tangu juzi asubuhi, kabla kifurushi hakijafunguliwa, kikiwa kimekaza vizuri. Nikamwomba akikunjue mwenyewe, kikalia "ta". Nikakiweka kwenye ukingo wa jiko la gundi, nasi tukangoja, yeye akivuta kiko na mimi nikitokwa jasho. Baada ya saa moja na nusu akakichukua tena. Ubapa ukaanguka wenyewe. Alikikunja na kukikunjua mara nyingi, akinitazama mimi badala ya kisu, kisha akaenda kwenye meza yake akatia sahihi. Aliporudi alichukua msumari wangu akautia mfukoni mwake. Alisema kuanzia Jumatatu nitafagia, na Thuo atakagua. Kitabu akanipa mimi nikipeleke, nadhani ili iwe adhabu.

Nilifika Bondeni, mtaa aliokaa Thuo, jua likiwa bado juu. Mbele ya mlango wa Thuo kulikuwa na mafurushi mawili yaliyofungwa kamba, na sufuria moja juu yake. Wachuka alitoka akasimama mlangoni.

"Umeleta nini tena, Baba Awuor?" aliniuliza.

"Nimeleta kitabu. Bwana ametia sahihi. Hamwendi popote."

Hakukipokea. Alinitazama usoni, akatazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu barabarani kama kuna watu niliokuja nao. Kisha akamwita jirani yake Nekoye, mke wa karani mmoja wa reli, ambaye alijua kusoma. Nekoye ndiye aliyekipokea. Wachuka akamwambia afungue ukurasa wa mwezi uliopita, halafu wa mwezi huu, azilinganishe sahihi hizo mbili. Nekoye alisoma tarehe kwa sauti. Wachuka akamwomba asome tena. Akalamba kidole akagusa wino, akakiangalia kidole. Mimi nilikuwa nimesimama pale juani, na wapangaji wa ploti ile walikuwa wametoka kutazama. Nilitaka kukasirika, nikatafuta pa kuanzia, sikupaona.

"Ni yenyewe," Nekoye alisema.

Ndipo Thuo alipotoka. Alikitia kitabu ndani ya shati, akafunga kifungo.

"Mzee, ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatano. Karatasi ilipofunguliwa."

"Na leo ni Ijumaa."

"Leo ni Ijumaa," nilisema. "Nimekukosea, Thuo. Nimekukosea sana."

Alitikisa kichwa kukubali kwamba amesikia, si zaidi ya hapo. "Jumatatu nitakuja kazini. Tutafanya kazi, hakuna maneno. Lakini hapa kwangu, mzee, usikuje tena."

"Nilitaka niwasalimu watoto," nilisema. Awuor wangu alikuwa akicheza nao kila Jumapili baada ya kanisa, nami walikuwa wakiniita baba.

Thuo alisogea kando kidogo ili nione mwenyewe. Ndani kulikuwa na pazia la gunia lililogawa chumba. Chini ya pazia niliona miguu minne midogo, imebanana, imetulia tuli, ikingoja niondoke.