Handaki Lililonukia Dawa

Wafanyakazi wa barabara walimbandika jina la Matroni wiki ya kwanza tu, na jina likamganda. Hakuwa matroni. Alikuwa amefanya usafi hospitalini miaka kumi na tisa, akipiga deki wodi ya wazazi, na alipohamia kazi ya barabara alikuja na mambo yake yote ya wodini: ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya dawa, tambara lililokunjwa pembe kwa pembe, na jicho lisilovumilia doa.

Kazi yake mpya ilikuwa kutunza handaki. Barabara kuu ilikuwa imepita katikati ya msitu na mto, na wanyama waliozoea kushuka kunywa maji wakajikuta wanakatiza mbele ya malori. Basi ukajengwa uzio pande zote mbili, na chini ya lami likachimbwa handaki pana, ili wanyama wapite chini na magari yapite juu. Kwenye mdomo wa upande wa mto pakatandazwa mchanga laini. Kila Ijumaa mhandisi alikuja kuusoma mchanga huo, aone ni nyayo za nani zimepita.

Kwa miezi mitano mchanga ulikuwa kama shuka iliyopigwa pasi. Wanyama waliusukuma uzio mpaka ukalala, wakapanda barabarani vilevile.

"Matroni, usafi wako sina neno," mhandisi alimwambia Ijumaa moja, akikuna kisogo. "Lakini wageni hawaji. Wakubwa wametoa muda mpaka mwisho wa mwezi. Wasipopita, handaki linazibwa."

"Na wanyama watapita wapi?"

Mhandisi alitazama juu, kwenye lami.

Matroni alikuwa na sababu ya kuuliza. Mumewe aliendesha lori la maziwa, na kila siku saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi alipita juu ya handaki hilo, saa ile mwanga unapoanza na macho hayajui kipi ni kivuli na kipi ni kitu. Miezi miwili nyuma pofu dume, mnyama mzito kama ng'ombe, alimrukia ghafla. Kioo kilivunjika, bega likateguka, na kipande cha pembe kikakutwa kimenasa kwenye rejeta. Sasa mume alikuwa amerudi kazini, bega likimuuma kila alipokata kona. Na kila asubuhi Matroni alifagia roho ikiwa juu juu, mpaka asikie honi yake, moja ndefu na mbili fupi, ndipo ashushe pumzi.

Kila jioni, baada ya kupiga deki kutoka mdomo hadi mdomo, alipiga magoti kwenye sakafu iliyong'aa. "Ee Mungu," aliomba, "waongoze viumbe wako njia hii, na mume wangu apite salama." Kisha alimwaga dawa iliyobaki pembezoni, isipotee bure.

Zilipobaki siku tisa, wifi yake alikuja kumjulia hali kaka yake. Alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo usio na breki. Akasindikizana na Matroni kazini, na kufika mlangoni mwa handaki akasimama, akaziba pua kwa mtandio.

"Wifi, humu ndani kuna mgonjwa?"

"Mgonjwa gani tena?"

"Nasikia harufu ya sindano. Ningejua ningekuja na kadi yangu ya kliniki."

"Hiyo ni dawa. Nimepiga deki."

"Umempigia deki nani?"

"Handaki, wifi. Si ndiyo kazi yangu?"

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Ngiri anayelala kwenye matope, wewe unamwekea dawa ya wodi! Kaka yangu najua anavulishwa viatu mlangoni, na amezoea. Sasa na ngiri naye avue?"

Matroni alitaka kucheka, akaitazama ndoo yake ya dawa. Aliwakumbuka wanawake waliokuja kujifungua kwa mara ya kwanza. Walikuwa wakifika mlangoni mwa wodi, ile harufu ikiwapiga usoni, wanashika fremu ya mlango na hawaingii mpaka wabembelezwe. Na hao walikuwa watu, wenye kuelezwa wakaelewa.

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miezi mitano alikuwa akiwaita wanyama kwa maombi na kuwafukuza kwa tambara.

"Mungu wangu nisamehe," alisema kwa sauti. "Nilidhani nasaidia."

"Atakusamehe," wifi alisema, kicheko kimemwisha. "Inuka. Mto uko wapi?"

Siku mbili walichota maji na kusuuza, wifi akilalamika kwamba alikuja kutembea, si kuajiriwa. Siku ya tatu wakaingiza udongo, majani makavu, na vinyesi walivyookota ukingoni mwa msitu, ndani ya ndoo zilezile za sabuni na dawa. Matroni alivimwaga huku uso ameugeuza pembeni. Kisha akaufungia ufagio stoo.

Siku nne zilizofuata, mchanga ulibaki mtupu. Siku ya nane zilionekana nyayo za kanga. Zilifika katikati, zikageuka. Kesho yake ndiyo ilikuwa Ijumaa ya mwisho.

"Baba Pacha," alimwambia mumewe jioni ile, "kesho usipige honi. Utawashtua."

"Nisipopiga, utajuaje nimepita?"

"Nitasikia injini."

"Kati ya malori yote yale?"

"Miaka ishirini na miwili nasikia unavyokoroma. Injini yako itanishinda?"

Alfajiri Matroni na mhandisi walijibanza nyuma ya lundo la kokoto, upande wa mto. Hapo ndipo alipomweleza yote, kwa kunong'ona, akitazama chini.

"Dawa hiyo niliiagiza mimi," mhandisi akasema. "Na kila Ijumaa nilikusifu. Tumekosa wawili, Matroni."

Mwanga ulianza kuchora ukingo wa handaki. Kwanza wakatoka kanga, wakikimbia kimbia kama watu waliochelewa. Akafuata ngiri jike, mkia wima, na watoto watatu nyuma yake, mikia wima vilevile. Alinusa mchanga, akaukanyaga, akashuka mtoni. Mhandisi alimshika Matroni mkono bila kujua.

Ndipo wakasikia magoti yakialika ndani ya handaki, ta, ta, kama mtu anayevunja vijiti. Pofu dume akatokeza kichwa. Pembe yake moja ilikuwa imekatika nusu.

Na juu, kwenye lami, ikaja injini. Matroni aliitambua kwa jinsi ilivyokohoa kwenye kubadilisha gia. Pofu aliinua masikio. Matroni alifumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Lori likaja, likapita juu ya kichwa cha mnyama yule, bila breki, bila honi, na mlio wake ukaenda ukififia taratibu upande wa pili, mpaka ukaisha.

Alipofumbua macho, pofu alikuwa amekwisha kutoka mzimamzima kwenye mwanga, anachechemea kidogo, bega la kushoto. Matroni alikuwa amepania kumchukia siku akimwona.

"Pole na wewe," alimwambia kwa sauti ya chini, machozi yakimshuka. "Asante, Mungu wangu. Asante."

Simu ilitetemeka mfukoni mwake. "Mama Pacha, umenisikia?"

"Nimekusikia. Kunywa chai."

Walipouendea mchanga, ulikuwa umevurugwa kama uwanja wa shule baada ya mapumziko. Mhandisi alipiga picha moja baada ya nyingine. Katikati kabisa ya mlango, pofu alikuwa ameacha rundo lake la kinyesi, bado linafuka mvuke. Matroni aliliangalia. Akaangalia upande wa stoo.

"Matroni!" mhandisi alimkemea.

"Naangalia tu," alisema, akaificha mikono nyuma.