Bakuli Chini ya Kitanda

Kuanzia Nanyala hadi mpakani Tunduma hakuna bakuli la kachumbari zuri kama langu. Ni la mninga, limekerezwa kwa mashine, na kila mgeni nampa alishike kwanza kabla sijampa chakula. Sawa, upande mmoja ni mnene na mwingine mwembamba, na ukiliweka mezani linayumba kama mtu anayetoka kilabuni. Lakini ni zuri.

Alilikereza mume wangu, Amoni. Kazi yake ilikuwa kukereza miguu ya vitanda. Maharusi wa Igamba, wa Ihanda, hata wa ng'ambo Zambia, wamelalia miguu ya Amoni. Kitanda chetu sisi kilivunjika mguu mmoja, kikawekewa tofali. Nikimkumbusha anasema, "Kesho, Mama Restuta." Huyo Restuta ni binti yetu. Alizaliwa akalikuta tofali, akaolewa akaliacha.

Bakuli nilimwomba siku nilipochoka na beseni langu la plastiki. Vitunguu vya jana vilikuwa vinanuka ndani ya nyanya za leo. Nikamwambia, "Unawakerezea watu wote, mimi kachumbari nichanganyie kiganjani?" Akacheka. Nikajua ndiyo lile tofali tena. Kumbe kesho yake akafunga kipande cha gogo kwenye mashine, kule kibandani nyuma ya nyumba.

Mimi nilidhani bakuli unakereza leo, kesho unakatia nyanya. Sivyo. Mti mbichi ukiukereza ukawa mwembamba, ukikauka unapasuka. Kwa hiyo alilitoa likiwa nene, halina hata sura, akalifukia kwenye gunia la maranda yake lenyewe, akalisukuma chini ya kitanda. Mimi kazi yangu ilikuwa kulipeleka dukani kwa Irene kila Jumamosi, likapimwe kwenye mizani ya sukari. Maji yakiwa bado yanatoka, uzito unapungua. Siku uzito utakaposimama, ndiyo limekauka, naye atalirudisha kwenye mashine alimalizie.

Kabla halijakauka, akaanguka yeye.

Hospitali walisema ni moyo, umechoka. Wakatupa vidonge, wakasema tukae naye nyumbani. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Akawa analala pale kwenye kitanda chetu cha tofali, bakuli likiwa chini yake, kila mmoja anasubiri lake.

Amoni akaanza kupanga mambo yake kama mtu anayefunga duka jioni. Patasi alimwachia Clement, fundi wa Tunduma aliyejifunza kazi kwake. Akanionyesha kando ya mibuni mahali anapotaka alazwe. Akampigia simu Restuta, wakaongea mpaka salio likaisha. Halafu akaniambia, "Limebaki bakuli lako. Nikilimaliza hilo, niko tayari."

"Tayari kwenda wapi, na miguu hiyo?"

"Unajua."

Nilikuwa najua. Jirani yetu Ambakisye alikaa hoi wiki nzima akimsubiri mwanawe atoke Sumbawanga. Mtoto akafika, Ambakisye akamtazama, akaomba maji, akanywa, akafa. Watu wa namna hiyo nimewaona wengi. Kuna kitu wanakingoja, na kikifika wanaondoka nacho.

Jumamosi iliyofuata Irene akaweka bakuli kwenye mizani, akainama kusoma.

"Bibi, leo halijapungua. Ni uzito uleule wa wiki iliyopita."

"Mizani yako imechoka kuwaibia watu. Pima tena."

Akapima tena. Nikalichukua bakuli langu nikarudi nalo nimelikumbatia, taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba anatafuta mahali pa kuiweka. Amoni alikuwa amegeuza uso mlangoni.

"Vipi?"

"Limepungua," nikasema. "Kidogo, lakini limepungua."

"Basi tusubiri."

Tukasubiri. Kila Jumamosi nikaenda kwa Irene, na kila Jumamosi nikarudi na maneno yaleyale. Kwa jinsi nilivyokuwa nalipunguza, bakuli lile lilitakiwa liwe linapeperuka kama unyoya wa kuku. Yeye aliamini. Au mimi niliamini kwamba anaamini.

Asubuhi moja namnywesha uji, akataka kushika kikombe mwenyewe. Kikamponyoka. Uji ukamwagika kifuani, wala hakushtuka. Alikuwa anaitazama mikono yake, anaigeuza huku na huku, kama vyombo vya watu alivyoazima.

"Mikono inaondoka kabla yangu," akasema. "Nataka nilimalize ingali inanisikia."

"Clement atalimalizia."

"Clement ni fundi. Lakini hakuoa hapa." Akapumua kwanza. "Na usije ukaliweka kabatini, Mama Restuta. Ni la kila siku. Ukikata nyanya zako, unikute humo."

Nikafungua kinywa nimwambie ukweli. Nilikuwa nao pale kwenye ulimi. Kilichotoka ni, "Ngoja nilete kitambaa."

Nikaenda jikoni. Nikakaa kwenye kigoda. Kitambaa kilikuwa begani kwangu muda wote.

Jumamosi hiyo Clement akaja kutoka Tunduma, kuangalia mkanda wa mashine kama bado uko imara, ili siku ikifika ambebe mwalimu wake mpaka kibandani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akamsalimu mzee, akapiga goti kando ya kitanda, akalivuta lile gunia. Akatoa bakuli, akaligonga kwa kidole. Likalia, ko, sauti kavu kabisa.

"Mama, mbona hili lime..."

Nikamkanyaga mguu.

"Clement, siku hizi watu wa Tunduma hamnywi chai kwanza?"

Lakini Amoni alikuwa mgonjwa wa moyo, si wa masikio. Akasema, "Clement, nenda kwa Irene ukaniazimie mizani. Leo nataka nione kwa macho yangu."

Clement akanitazama. Nikatazama pembeni. Akaliacha bakuli kitandani, akatoka.

"Lete nilipanguse vumbi," nikamwambia Amoni, nikalinyakua bakuli nikakimbilia jikoni. Kukimbia kwangu kwa umri huu ni kutembea kwa hasira, lakini nilifika. Palikuwa na ndoo ya maji niliyooshea vyombo vya asubuhi. Nikalizamisha humo. Likakataa. Likaelea, likanitazama. Nikalikandamiza kwa mikono miwili, huku nikimwomba Mungu anisamehe na anisaidie, vyote kwa pamoja. Niliposikia Clement anarudi nikalifuta kwa khanga, haraka haraka, nikaingia nalo chumbani nikitabasamu.

Clement akaweka mizani juu ya kiti, karibu na mto. Akaweka bakuli. Tukautazama wote watatu ule mshale unavyotetemeka mpaka ukatulia.

"Limeongezeka," Amoni akasema.

Clement akaanza kuhesabu mabati ya paa.

"Ni mvua hizi," nikasema. "Hewa yote imejaa maji. Hata chumvi imelowa."

 Amoni akalichukua bakuli. Nikataka kumsaidia, akanikatalia kwa macho. Akalivuta polepole mpaka puani, akafumba macho, akanusa. Akakaa hivyo muda mrefu, uso wote umeingia kwenye ule mti.

"Nimeshika mbao tangu sijaota ndevu," akasema. "Sijawahi kukutana na mninga unaonuka sabuni."

Clement akainuka, akasema anakwenda kuwasha mashine.

Tukabaki wawili. Amoni akanitazama, na hakuwa na hasira. Alinitazama kama siku ile alipokuja kwetu kuposa na mimi nikajificha nyuma ya kihenge cha mahindi, miguu yote nje.

"Mama Restuta," akasema kwa upole, "hili bakuli limeoga lini?"

"Halijaoga," nikasema.

Tone la maji likachuruzika kwenye kitako cha bakuli, likaning'inia kidogo, likadondoka juu ya blanketi lake.