Akishinda, Akikosa

Yule mrefu wa mkono wa kushoto alikuwa ameshashinda. Nanjala alikuwa amempa tuzo, akamtia machozi machoni, akamweka mamake kando yake. Sasa, chai ikipoa mezani, ilikuwa zamu ya kumnyang'anya yote hayo na kumpa mpinzani wake. Alipiga chapa upesi kwenye simu. Nje malori ya mawe yalikuwa yakipita kuelekea Kitengela mjini, na vikombe vikitetemeka kabatini.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kutabiri ni nani kati ya wachezaji wa besiboli wa kule Amerika atatajwa kuwa mchezaji wa thamani kuliko wote, tuzo ambayo wenyewe huiita MVP. Mpira wa mchezo huo hakuwahi kuushika, wala uwanja wake hakuwahi kuuona ila kwenye simu. Lakini mteja alitaka makala, na makala ziliandikwa Kitengela, katika nyumba ya kupanga, zikatoka kwa jina la mzungu asiyekuwepo. Msimu ukikaribia kuisha, mteja alitaka makala mbili kwa kila mchezaji, moja ya akishinda na moja ya akikosa, ili matokeo yakitangazwa itolewe moja papo hapo na nyingine itupwe. Kwa miaka mingi mkono wa Nanjala ulikuwa umezoea hivyo. Ulikuwa pia umemfunza jambo ambalo hakumwambia mteja: kati ya hizo mbili, inayotiririka yenyewe ndiyo unayoiamini.

Nyumbani ni mtu mmoja tu aliyeiita hiyo kazi. Otiende, mumewe, aliiita mambo yako ya simu. Melvin, wifi yake, aliiita kamari. Lakini Mama Turfena, mkwe wake, aliyeletwa kutoka Ugunja kwa ajili ya moyo uliochoka, alivuta kiti kila jioni na kuuliza, akimwita binti wa Webuye kwa Kijaluo, "Nyar Webuye, leo umepatia nani?" Hakujali takwimu. Alitaka kujua kama mchezaji ana mama, na kama huyo mama bado anafanya kazi za sulubu. "Basi mpatie huyo," alikuwa akisema. "Huyo mwingine atapata mwaka ujao, yeye bado ni kijana." Mara nyingi alikosea. Nanjala naye alikosea mara nyingi, kwa hivyo walipatana.

Sasa Mama Turfena alikuwa amelazwa Kajiado. Daktari alikuwa amewaita kando akawaambia wajiandae, neno ambalo kila mmoja alilibeba alivyoweza. Otiende alikwenda kutafuta ruhusa kazini. Melvin alianza kufunga na kuomba. Nanjala alijiandaa kwa namna aliyoijua. Aliandika mbili.

Ile ya akipona ilikuwa na sentensi tatu. Mama ameruhusiwa. Tunamshukuru Mungu. Karibuni mumwone. Alikaa mbele yake, akaiongezea, akafuta, akaiongezea tena, nayo ikakataa kata kata. Ile nyingine ilijiandika. Jinsi Mama Turfena alivyouza samaki sokoni Ugunja akasomesha watoto wote kwa mizani ile ile moja. Jinsi alivyoficha mdomo kwa kiganja akicheka. Jinsi alivyompokea mke wa mwanawe kutoka kabila jingine bila kumuuliza atajifunza Kijaluo lini. Nanjala alilia akiandika, na alipomaliza alijua, kwa aibu, kwamba hakuwahi kuandika kitu kizuri kama hicho.

Asubuhi hiyo, kabla ya kumtumia mteja makala zake, alikumbuka kuitoa ile tanzia katikati ya wachezaji wa besiboli. Akainakili yote, akaibandika kwenye faili la peke yake, kisha, makala zikiwa bado hazijatumwa, akafunga mlango na kushika njia ya Kajiado.

Ilikuwa kazi yake pia kuwaarifu jamaa hali ya mgonjwa kila asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kwenye benchi la nje ya wodi aliandika kwanza kwenye ukurasa wake, kama alivyoandika kila kitu: Mama amelala vizuri, amekunywa uji kidogo. Akagusa kunakili, akafungua kundi, akabandika, akatuma. Muuguzi alikuwa ameshaita mtu wa Turfena aje asaidie kubadilisha shuka, na Nanjala akatupa simu mkobani bila kutazama. Kumbe kidole hakikuwa kimenakili chochote. Iliyotoka ni ile tanzia iliyokuwa imekaa humo tangu nyumbani. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, wahenga walisema, lakini hawakujua kwamba siku ingefika kidole na ulimi viwe kitu kimoja.

Walikuwa bado wanakunja shuka simu ya Mama Turfena ilipolia chini ya mto. Aliichukua mwenyewe. Aliyepiga ni dadake wa Ugunja, akidhani atapokelewa na Melvin, na hakuwa akiongea. Alikuwa akipiga nduru, ile ya msiba, na nyuma yake sauti za wanawake wengine zilikuwa zimeshaitikia.

"Mnamlilia nani?" Mama Turfena aliuliza kwa lugha yao.

Kule kukanyamaza ghafla. Kisha simu ikakatika.

Otiende na Melvin walifika kabla ya jua la utosini. Melvin hakusalimu.

"Umemchuria Mama," alisema. "Mtu bado anakunywa uji, wewe ushamzika. Umeandika hadi marehemu!"

"Melvin, nilikosea tu. Nilibonyeza vibaya."

"Kutuma, sawa, ulikosea. Na kuandika? Hiyo kitu ni page mbili. Mtu hawezi andika page mbili kwa makosa."

Otiende hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Nanjala, nyumbani nduru imeshalia," alisema akitazama viatu vyake. "Wazee wameniuliza nitawaambia nini watu waliokuja na maturubai ya matanga. Wewe kaa hapa nje. Usiingie huko ndani tena."

Akakaa. Mteja aliandika kuuliza makala ziko wapi na utabiri wa mwisho ni upi, akaandika tena, kisha akanyamaza. Nanjala aliona majina hayo ya mbali yakiwaka kwenye kioo na hakuhisi chochote juu yao. Melvin hakumtisha, wala wazee wa Ugunja. Alichoogopa ni kwamba yule mama angekufa akijua kuwa, kati ya kupona na kufa, mkwewe amekipa kifo ushindi.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, Melvin alitoka wodini macho yakiwa mekundu. "Anakutaka," alisema. "Amekataa dawa mpaka uingie." Otiende aligeuza uso dirishani, akampisha.

Mama Turfena alikuwa ameegemezwa mito, mdogo kuliko jana.

"Kaa," alisema. "Hiyo kitu yako nimesomewa yote. Nililazimisha Melvin. Alianza na hasira, akamaliza na kamasi." Alitulia apate pumzi. "Ni nzuri. Lakini mizani haikuwa moja. Ya kwanza iliibwa."

"Nisamehe, Mama."

"Wewe huandikanga mbili. Nisomee ile ingine."

Nanjala alitoa simu. Alisoma sentensi ya kwanza. Alisoma ya pili. Ya tatu aliivuta kadiri ilivyovutika. Mama Turfena alingoja, macho amefumba, akangoja tena.

"Imeisha?"

"Hapana, Mama. Iko." Akaendelea kusoma pasipo na kitu cha kusoma. "Mama alitoka wodi asubuhi. Otiende alimshika mkono huu, Melvin ule. Wakamkalisha mbele kwenye gari, wakamfunga mkanda."

"Utanifinya."

"Akasema unamfinya. Tukashika barabara ya Namanga."

Maneno yalikuja kwa shida, moja moja. Watu asiowajua alikuwa amewaandikia ushindi bila kukwama, na huyu mmoja alimshinda kumtoa kitandani. Melvin alikuwa amesimama mlangoni. Aliona simu imezima, kioo cheusi, na kidole gumba cha Nanjala bado kinapanda juu yake kana kwamba kuna mistari.

"Tumefika wapi?" Sauti sasa ilikuwa chini sana.

"Isinya, Mama. Umesema tusimame ununue nyanya."

"Ni pesa ngapi?"

"Umekataa bei."

Pembe ya mdomo wa Mama Turfena ilisogea. Pumzi ikaenda, ikakawia, ikarudi. Kutoka Isinya hadi Kitengela si mbali, na Nanjala alijua kwamba akimfikisha mlangoni hatakuwa na la kusema tena. Basi akamrudisha kwa mwuza nyanya, akamwongezea vitunguu, akamtafutia chenji.

"Na sasa?"

"Bado tuko Isinya, Mama," alisema, akiushika ule mkono. "Kuna kondoo wanavuka barabara. Ni wengi. Wacha wapite."