Sarafu Iliyogeuka Nyeupe

Mama mwenzangu, kama binti yako amepata kazi ya kupaka saa dhahabu, soma hii kabla hajatoka kesho.

Wangu ni Zélie, ana miaka kumi na saba. Fundi Courtot alimchukua hapahapa mtaani kwetu, Paris, kwa ajili ya zile saa za kuweka kwenye rafu juu ya meko ya kuotea moto, zenye umbo la kanisa kuu, minara na madirisha yaliyochongoka. Dhahabu huchanganywa na zebaki, ikapakwa kwenye shaba, kisha shaba ikawekwa juu ya makaa mpaka zebaki yote igeuke mvuke. Saa ya kawaida hupita motoni mara mbili. Kanisa, na vipembe vyake vyote, mara tano, sita.

Niliogopa mvuke huo wa sumu, nikafanya kama tufanyavyo sote: nikampa sarafu ya dhahabu ya marehemu mama, aiweke mdomoni akiwa kazini. Ikigeuka nyeupe, tunasema imeinywa sumu. Kila jioni ilirudi nyeupe. Nikamshukuru Mungu, mjinga mimi!

Jumanne akamwaga supu mapajani.

"Umelewa, wewe?" nikamtania.

"Mama, mkono haunisikii." Akacheka, na fizi zake zilikuwa zinatoka damu.

Ndipo nilipoelewa. Sarafu ile ilikuwa nyeupe kwa sababu mvuke ulikuwa unamfika mdomoni! Kama mvuke unaifikia sarafu, koo je?

Asubuhi nikakuta ameshatoka, nikamfuata karakanani. Madirisha yote yamefungwa, ati upepo usipoze makaa.

"Mama Zélie, umekuja kujifunza kazi uzeeni?" Courtot akaniuliza.

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Mnara haujakamilika, utabaki na madoa! Na sarafu si anayo?"

"Iweke mdomoni mwako, usimame hapo wewe."

"Mama, unaniaibisha," Zélie akaninong'oneza.

Nikamvuta hivyohivyo, na aproni yake.

Daktari hajasema kama atapona. Anatazama chini tu. Na leo nimesikia nafasi yake kapewa Eulalie, binti wa muuza kabeji. Nimegonga kwao, mama yake hakufungua hata mlango.

"Wivu tu, jirani!" akanipigia kelele akiwa ndani. "Wangu ana afya ya punda!"

Kama ni wewe, mama Eulalie, unayesoma, nenda kamtoe. Usisubiri mshahara wa Jumamosi.