Nishani Kwenye Picha ya Kichwa

Kupakua madumu ya mawese behewani, Kasanda aliweza. Kuinama ndiko kulikomshinda. Akiinama tu, paji la uso linagonga kama nyundo ya fundi reli, na pua ya kushoto ilikwisha kufunga duka tangu masika. Sasa jamani, animation ni nini kama si kuinama? Kila jioni wafanyakazi wote wa stesheni ya Kindu hukata kiuno mpaka chini kukisifu Chama, na asiyecheza hufukuzwa kazi. Kasanda aliomba kitu kimoja: asamehewe dansi, abaki na kazi yake.

Citoyen Tshimanga, mkubwa wa animation, hakumsadiki hata kidogo. Akavaa abacost yake, suti ya wakubwa wa Chama isiyo na tai, akamsindikiza mwenyewe hospitali.

Okito, fundi wa picha za mifupa, akawaeleza. "Nyuma ya paji na mashavu kuna vyumba vidogo vya hewa. Vikiwa safi, kwa picha vinatoka vyeusi. Vikijaa usaha, vyeupe."

"Hewa? Ndani ya kichwa ya muntu wa Chama?"

"Kila muntu iko nayo, citoyen."

"Hata mimi?"

Okito akakohoa. "Hata wewe, mukubwa."

"Yangu itakuwa kidogo tu," akasema Tshimanga.

"Haya, ndugu Kasanda, toa kofia. Ile nishani ya mwenge hapo kwa paji ni chuma, itaziba picha," akasema Okito.

Kasanda akanyanyua mkono. Tshimanga akaruka.

"Weee! Nishani ya Chama haitolewe ovyo! Unataka tukuandike kwa orodha ya wasaliti?"

Okito aliitazama filamu, ya mwisho hospitali nzima, akamtazama Tshimanga. Ana watoto, afanyeje? Akamwambia Kasanda abandike kidevu na pua kwenye ubao, afungue kinywa, asitikisike. Mashine ikanguruma, taa za jengo zima zikazimika, wagonjwa wodini wakapiga mayowe.

Picha ilipokauka, meno yalionekana, matundu ya macho yalionekana, na juu yake, penye vyumba vya paji, mkono mweupe pepepe umeshika mwenge.

"Hapa sioni kitu," akasema Okito. "Nishani imefunika yote."

"Ulitaka kuona nini tena? Hakuna hewa, hakuna usaha! Chama kimeingia mpaka ndani ya kichwa!" Tshimanga alikuwa na furaha ya bwana harusi. "Leo utacheza mstari wa mbele."

Kasanda alitamani kulia, ila kulia nako kulimuuma.

Jioni Tshimanga aliinua filamu juani, watu wakapiga makofi. Ngoma ikalia, wote wakashuka chini. Kasanda akabaki wima.

"Kasanda! Inama!"

"Hapana, mukubwa."

Ngoma ikanyamaza.

"Unakatala Chama?"

"Minakiogopea, mukubwa. Umesema mwenyewe iko ndani ya kichwa. Nikiinama, kitanitoka kwa pua mbele ya watu wote."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anapiga chafya. Tshimanga akaitazama filamu mkononi. Aseme picha ni ya uongo? Aseme Chama hakimo?

"Basi... cheza wima," akasema.

Kasanda akacheza wima, usaha wake palepale ulipokuwa. Ndipo mama Kanku, mfagiaji wa ofisi, aliyekuwa ameinama tangu asubuhi, akanyoosha mgongo polepole.

"Mimi pia, mukubwa," akasema. "Hata kwangu Chama imeingia kichwani."