Tausi Wawili na Birika Moja

Goti la kulia lilipokataa katakata kukunja, Pima Maji alikuwa ametimiza miaka thelathini na minne katika kazi ya kuweka vigae. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu kile kipimo chenye kipovu cha maji hakikumtoka mkononi. Hata akialikwa kula, alikiweka kwanza juu ya meza, ajue imekaa sawa au imelala upande. Daktari alimwambia neno moja tu: kupiga magoti, basi. Na fundi wa vigae asiyepiga magoti atafanya nini? Akarudi nyumbani kukaa.

Nyumbani kulikuwa na mkewe, fundi cherehani, ambaye sebule ndiyo ilikuwa duka lake. Wiki ya kwanza mke alimhurumia. Wiki ya pili Pima Maji akaanza kuwaambia wateja kwamba bega moja la gauni limepanda, tena alisema akiwa amefumba jicho moja. Wiki ya tatu mke alimpigia simu mdogo wake, ambaye ni mfumaji.

"Njoo umpe shemeji yako kazi," alisema. "La sivyo nitabaki na cherehani tupu."

Shemeji alifika na kikapu chake. Akatoa nyuzi, kroshia mbili, zile sindano zenye ndoano nchani, na pazia jeupe alilokuwa anamalizia. Pima Maji alilitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama mtoto wa mwenzake. Halafu akalisogeza karibu na macho.

"Hivi ni vyumba!" akasema. "Vyote ni vya mraba."

"Ndiyo hivyo, shemeji. Chumba wazi, chumba kilichojaa. Ukifuata karatasi ya miraba, ujue wapi pa kuacha na wapi pa kujaza, picha inajitokeza yenyewe."

"Kumbe miaka yote hii mnaweka vigae vya uzi, na hamkuniambia!"

Jioni ile ile alijifunza mshono wa mnyororo, na kesho yake akajifunza ule wa nguzo. Aliishika kroshia kama mtu anayeshika msumari akingoja nyundo, lakini siku ya tatu vidole vilikuwa vimeelewa. Ikabaki kuchagua kazi ya kwanza. Shemeji akamtandazia michoro: kitambaa cha kufunikia jagi, chenye ua moja, alamisho ya kitabu, kitambaa cha meza ndogo. Chini kabisa, kwa bahati mbaya, kulikuwa na pazia la tausi wawili waliotazamana, mikia imemwagika mpaka sakafuni. Upana wake vyumba mia moja na hamsini.

Pima Maji akawavuta tausi.

"Hao mimi niliwafuma baada ya miaka tisa ya kazi," shemeji akasema.

"Mimi nimeweka vigae hoteli ya ghorofa sita."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Na daktari kanikataza kuinama. Sasa tufanyeje?"

Shemeji alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akamwachia tausi wake.

Minyororo ya kuanzia peke yake, mitatu kwa kila chumba, ilikuwa mia nne hamsini na kitu. Aliihesabu mara tatu, akapata majibu matatu, kwa kuwa kila akikaribia mwisho mteja aliingia na kumwamkia. Akachukua jibu lililompendeza. Baada ya siku nne alikuwa amemaliza mistari mitano. Akautandaza ufumaji wake sakafuni, juu ya vigae alivyoviweka kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo moyo ulipomshuka. Vigae vilikwenda moja kwa moja. Kazi yake ilikuwa inakimbilia ndani. Akahesabu vyumba vya mstari wa mwisho: mia moja arobaini na vitatu. Saba vimehama bila kuaga.

Akamwita mkewe. Mke akatazama, akauma utepe wa kupimia asicheke.

"Labda tausi mmoja ni mwembamba," akasema, na utepe ukamponyoka. Walicheka wote wawili, lakini Pima Maji alicheka kwa kuchelewa kidogo.

Alipokuwa anaufumua uzi, alijiuliza: hivi mimi mwanafunzi wangu nilikuwa namwanzishia wapi? Si sebuleni. Hata siku moja! Alimpa nyuma ya mlango wa stoo, mahali ambapo akikosea, anayejua ni yeye na ndoo. Akaanza kuzunguka nyumba akitafuta stoo yake. Akaipata kwenye mlango wa jikoni: kioo kidogo, ukubwa wa sinia, ambacho wapita njia walichungulia wakajua nani anapika nini. Mkewe alikuwa amekiziba kwa karatasi ya kalenda ya zamani.

Vyumba thelathini tu vilitosha kwa upana. Akachora mwenyewe kwenye karatasi ya miraba: birika, maana ni jikoni. Safari hii hakuanza mstari mpya bila kuhesabu uliopita, na akikosea alifumua bila kuona haya. Kosa moja lilimpita: tundu la mpini alilijaza karibu lote, kikabaki chumba kimoja wazi. Tena vyumba vyake vilitoka vipana kuliko vilivyo virefu, kwa hiyo birika lilikaa kama lililokaliwa. Akaongeza mistari mitatu chini, likatosha kioo.

Shemeji alikuja kukagua. Hakutazama picha. Alipitisha kidole pembeni, juu mpaka chini, akasema, "Kingo zimenyooka." Pima Maji aliinamisha kichwa kuficha furaha iliyomjaa usoni.

Mke ndiye aliyetazama picha. "Jamani, paka mzuri!"

"Paka?"

"Si huyu hapa, kanenepa. Huu mkia, hiki kichwa, na jicho lake."

Mkia ulikuwa mdomo wa birika. Jicho lilikuwa tundu la mpini. Pima Maji alieleza, akaonyesha, akaleta na mchoro. Mke akaitikia kila neno, na asubuhi iliyofuata alisikika akimwambia jirani dirishani kwamba wamepata paka asiyekula.

Siku hiyo mteja mmoja alikuja kuchukua gauni lake, akapita jikoni kunywa maji. Alirudi na glasi mkononi.

"Nani amefuma yule paka? Na mimi nina kioo kama kile, majirani wananimaliza kwa macho."

Mke alisimamisha cherehani. Pima Maji akafungua kinywa, akamtazama mkewe, akamtazama mteja, kisha akachukua karatasi ya miraba na penseli.

"Wako," akauliza, "unataka aangalie upande gani?"