Mchango wa Mama Ndani ya Soksi

Kaka yangu haamini mifuko. Siku ya kupeleka mchango wa upasuaji wa mama nilimtolea kibegi nilichokishona mwenyewe kwa cherehani yangu: chembamba, kitambaa cha koti la mvua, zipu mbili, na mkanda wa kupita kifuani ndani ya jaketi. Akakishika kwa ncha za vidole kana kwamba nimempa nepi.

"Hiki ndicho wezi wanachokitafuta," alisema. "Mdogo wangu, hela za kwenye pikipiki zinagawanywa mafungu matatu. Wakipata moja, mawili yanabaki."

Shangazi, aliyezunguka kwa ndugu wote kukusanya huo mchango, akamkabidhi bahasha. "Mwanamume anaijua njia," akasema. Mimi nikapewa kazi ya kukaa nyuma na kunyamaza.

Fungu la kwanza alilitia kwenye soksi mbele yetu. Soksi zenyewe ukiziweka chini zinasimama. Barua ya rufaa na majibu ya vipimo akavikunja akavisukumia chini ya kiti cha pikipiki, pembeni ya tambara la oili. Mafungu mawili aliingia nayo chumbani, akatoka akijipapasa.

Helmeti ilikuwa moja, akanivalisha mimi kwa kuwa yeye inamwasha. Hata lami hatujaifikia, nikajua kwa nini inamwasha. Ndani mna mafuta ya nywele ya miaka na miaka, jasho, na kitu kingine nisichotaka kukijua, na sponji yake ilininata kwenye paji la uso. Njia nzima nilipumulia mdomo. Nilimwaza mama, amelazwa na njaa yake tangu jana, jina lake liko kwenye zamu ya leo, na daktari ameshatuambia asipolipiwa kabla ya saa sita, nafasi anapewa mwingine.

Pale dirisha la malipo, karani alianza na barua. Oili ilikuwa imekula nusu ya ukurasa. Aliisoma akiwa ameishika mbali na blauzi yake, akahangaika, lakini akaisoma. Kisha kaka akainama akavua kiatu, na foleni nzima nyuma yetu ikarudi nyuma. Noti zilitoka zimelowa, harufu ikiwa imetangulia. Karani akavaa glovu. Fungu la pili lilitoka kwapani. Yule dada alihesabu uso ameugeuzia ukutani, na mimi nikatamani ardhi ipasuke initie ndani.

"Hazitoshi," akasema.

Kaka akajipapasa huku na huku, akatoa macho. "La tatu! Nililichomeka kwenye sponji ya helmeti. Limepeperuka, jamani! Upepo ule!" Akajishika kichwa, na machozi yakamlengalenga kweli. Bibi mmoja kwenye foleni akampa pole.

Kichwa kilichokuwa ndani ya helmeti ile ni changu. Niliijua kila kona yake kwa ngozi na kwa pua, na hapakuwa na noti hata ya dawa. Bwana mkubwa alikuwa amesahau alimvalisha nani. Hapo kinyaa kilinipanda upya, na safari hii hakikuwa cha soksi. Mama yetu yuko juu ghorofani anasubiri kisu, na huyu anamlilia kwa machozi ya uongo.

"Kaka," nikasema taratibu, "vua suruali."

"Umerukwa na akili?"

"Vua mwenyewe au nikuvue hapahapa. Mama anasubiri."

Kaka akautazama mlango, akanitazama mimi, akageukia ukuta, akalegeza mkanda na kuingiza mkono.

"Nilisahau kwamba nilizihamishia huku," akanong'ona.

Noti zilikuwa na joto. Nilizipokea kwa sababu hakuna mwingine ambaye angezipokea, nikamsogezea karani. Mama akapasuliwa.

Alipozinduka jioni tulikuwa kila mmoja upande wake wa kitanda. Akapapasa, akaupata mkono wa kaka, mkono uleule ambao sikumwona akiunawa, akauweka shavuni.

"Shangazi yenu alinipigia asubuhi, akaniambia ulivyozigawa," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Na zimefika zote. Mungu akuweke, mwanangu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ujifunze kwa kaka yako."

Kaka akanitazama, jasho likimtoka, akisubiri nitasema nini. Kidonda cha mama kilikuwa kibichi, na muuguzi alikuwa ametuonya asipandishwe presha.

"Nimejifunza, mama," nikasema.

Kaka akashusha pumzi, akatabasamu. Nikautoa mkono wake pale shavuni, nikalowesha kitambaa, nikaanza kumpangusa mama. Mama akanishukuru. Alidhani nampoza joto.